Wewe unaita dimu, mwenzako anaona fuli: Pima taa zako kabla ya safari ya usiku

Ni saa moja na nusu usiku. Umetoka Kitale, umepita Kiminini, na sasa umeacha barabara kuu ya kwenda Webuye ili ushike njia ya Ndalu. Kwenye buti kuna magunia mawili ya mahindi. Kiti cha nyuma wameketi watu watatu, na mmoja amepakata mtoto. Mbele yako taa mbili zinakuja.

Wewe ni dereva muungwana. Unashusha taa, unaweka dimu. Lakini yule anayekuja anakupiga fuli mara moja, mara mbili. Unaudhika. "Huyu naye vipi? Si nimeshusha?" Naye hashushi tena. Wewe pia unamrudishia fuli, ngoma droo. Kwa sekunde tatu au nne, nyote wawili mnakwenda bila kuona. Na katikati yenu, pale ukingoni mwa lami, kuna mtu anasukuma baiskeli. Amevaa koti jeusi.

Nani ana makosa hapo?

Jibu huenda likakuuma kidogo: inawezekana kabisa ni wewe uliyeanza. Si kwa ubaya. Swichi yako ilikuwa kwenye dimu, sawa, lakini mwanga wako ulikuwa unampiga mwenzako machoni. Alipokumulika hakuwa anakutusi. Alikuwa anakuambia, "Shusha taa." Wewe ukaona umeshashusha, kwa hivyo ukadhani ni kiburi.

Kama unaishi mjini, jambo hili linakuhusu kuliko unavyodhani. Nairobi, Eldoret au Kisumu unaweza kuendesha mwezi mzima bila kujua taa zako zinaelekea wapi, kwa sababu barabara nyingi zina taa zake na msongamano haukuruhusu kukimbia. Kisha Disemba inafika, unajaza gari zawadi na jamaa, unaelekea ushago. Unaingia Ndalu, eneobunge la Tongaren, kaunti ya Bungoma, karibu kabisa na mpaka wa Trans Nzoia. Hii ni nchi ya mahindi, na mavuno hukutana na likizo. Kuna trekta zenye trela, malori, nduthi, ng'ombe wanaorudishwa boma, na watu wengi wa miguu. Jua likizama karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, halichukui hata nusu saa giza kuwa totoro. Hapo ndipo taa zako hupewa mtihani.

Dimu si swichi, ni pembe

Watu wengi hudhani tofauti ya fuli na dimu ni nguvu: fuli ina mwanga mwingi, dimu ina mwanga kidogo. Sivyo. Chukua balbu ya H4, ambayo iko kwenye magari mengi mtaani. Upande wa fuli ni wati 60, upande wa dimu ni wati 55. Tofauti ni ndogo mno. Kinachobadilika hasa ni mwelekeo.

Ndani ya balbu hiyo kuna nyuzi mbili. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kazi yake ni kuuzuia mwanga usiguse nusu ya chini ya ile sahani inayong'aa ndani ya taa, kwa maana mwanga unaogonga hapo ndio unaoruka juu na kumpiga mtu machoni. Ndiyo sababu ukielekeza dimu nzuri ukutani unaona mstari: chini pameangaza, juu ni giza. Mstari huo ndio mpaka kati ya barabara yako na macho ya mwenzako.

Taa ikiwa sawa, mstari huo hushuka kidogo kadiri unavyokwenda mbele. Kipimo cha kawaida cha gari dogo ni asilimia moja, yaani kila mita 10 mbele, mwanga unashuka sentimita 10. Taa yako ikiwa sentimita 70 kutoka chini, mstari utagusa barabara mita 70 mbele. Hapo wewe unaona, na anayekuja hasumbuki.

Sasa angalia jinsi mambo yanavyoharibika kwa urahisi.

Gunia la nyuma huinua taa ya mbele

Gari la ukubwa wa Probox lina takriban mita 2.5 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Pakia mahindi, weka watu watano, weka na jogoo wa zawadi. Nyuma inakaa chini. Tuseme imeshuka sentimita 5 tu, kiasi ambacho ukisimama kando hata hukitambui.

Sentimita 5 juu ya mita 2.5 ni asilimia mbili. Taa iliyokuwa ikitazama chini kwa asilimia moja sasa inatazama juu kwa asilimia moja. Mita 50 mbele, ule mstari hauko tena chini ya sentimita 70. Uko sentimita 120 kutoka chini. Unajua ni nini kiko kwenye kimo hicho? Macho ya dereva wa gari dogo anayekuja.

Hujagusa kitu. Dashibodi inaonyesha dimu. Lakini kwa mwenzako, hiyo ni fuli.

Waliotengeneza magari walilijua jambo hili. Kaa kwenye kiti cha dereva utazame chini ya usukani, upande wa mlango. Magari mengi ya kutoka Japani yana kigurudumu kidogo chenye alama ya taa na namba kuanzia 0. Wenye magari wengi hawajawahi kukigusa tangu walipolinunua. Kazi yake ndiyo hii: ukiwa peke yako, weka 0. Ukipakia watu na mzigo, panda hadi 1, 2 au zaidi, na taa zitashuka. Ukifika na kushusha mzigo, rudisha 0, la sivyo utakuwa unamulika bampa yako mwenyewe.

Kabla hujasoma zaidi, kumbuka hilo. Kigurudumu hicho hakikugharimu hata shilingi moja.

Nduthi ndiyo huyumba zaidi

Kama una nduthi, au unaibeba maisha yako nyuma ya moja kila siku, sikia hii. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma la pikipiki za boda kuna kama mita 1.3 tu. Kwa hivyo nyuma ikishuka zile zile sentimita 5, taa inainuka karibu asilimia nne. Ni mara mbili ya gari. Abiria wawili na gunia la mbolea wakikaa, dimu ya nduthi inaanza kumulika vilele vya miti.

Na hasara si ya anayekuja pekee. Balbu nyingi za nduthi ni wati 35 tu. Ule mwanga mdogo uliokuwa nao ukienda angani, wewe mwenyewe huoni shimo lililo mbele yako.

Nyuma ya hilo kuna tatizo la zile spotlaiti. Unazijua: taa nyeupe za LED zinazofungwa kwenye chuma cha mbele, mbili au nne, zenye kuchoma macho. Vijana wengi huzifunga kwa sababu nzuri, kwani taa ya kiwandani haiwatoshi kwenye njia ya murram. Shida ni kwamba zina swichi yake. Ukibonyeza dimu ya nduthi, taa kubwa inashuka, spotlaiti zinabaki pale pale. Umeshusha heshima ya juu juu, lakini moto uko palepale.

Hatusemi uzitoe. Lakini zielekeze chini, zisipite mita 15 au 20 mbele, na mwambie fundi wa nyaya aziunganishe na fuli, ili ukiweka dimu nazo zizime. Ni kazi ya waya na relei moja. Fundi anayejua kazi hataona ugumu.

Pima mwenyewe ukutani

Huhitaji mashine. Unahitaji ukuta, mahali tambarare, chaki au utepe, futi ya kupimia, na bisibisi ya nyota yenye shingo ndefu. Uwanja wa kituo cha mafuta, ukuta wa duka au wa kanisa unatosha, ukiomba ruhusa. Fanya jioni giza likianza.

Kwanza andaa gari. Jaza upepo kwenye magurudumu yote ipasavyo, kwa sababu gurudumu laini la nyuma nalo huinua taa. Toa mzigo. Mtu mmoja akae kiti cha dereva. Kile kigurudumu cha chini ya usukani kiweke 0. Futa vioo vya taa.

Pili, sogeza gari karibu kabisa na ukuta, likiwa limenyooka. Weka alama ya msalaba ukutani mbele ya katikati ya kila taa. Pima pia kimo cha alama hiyo kutoka chini.

Tatu, rudi nyuma mita 5 kwa mstari ulionyooka. Washa dimu. Funika taa moja kwa kipande cha kartoni ili uione nyingine vizuri, ila usiiache imefunikwa muda mrefu, kwani huwa moto.

Nne, tazama ule mstari wa mwanga na giza. Kwa mita 5, unapaswa kuwa sentimita 5 chini ya alama yako. Ukiwa sawa na alama au juu yake, unapofusha watu. Ukiwa sentimita 15 chini, umejinyima mwenyewe: mwanga wako unaishia mita 23 mbele, na hakuna breki itakayokusaidia kwenye kasi ya barabara kuu.

Tano, tazama umbo. Kenya tunaendesha kushoto, kwa hivyo mstari mzuri huwa umelala upande wa kulia, kisha unapanda kidogo kuelekea kushoto. Upande wa kulia ndiko wanakotoka wenzako, unalala ili wasiumie. Upande wa kushoto ndiko waliko watu wa miguu na alama za barabarani, unapanda ili uwaone mapema. Ukiona taa moja inapanda kulia, huenda uliuziwa taa ya mtumba iliyotoka nchi wanakoendesha upande mwingine. Hiyo hairekebishiki kwa bisibisi. Irudishe.

Sita, rekebisha. Nyuma ya taa, ndani ya boneti, kuna skrubu mbili za plastiki au chuma kwa kila upande. Moja hupandisha na kushusha, nyingine hupeleka kushoto na kulia. Zungusha robo mzunguko tu, tazama ukutani, kisha robo nyingine. Ikikataa usilazimishe. Kipande cha plastiki kikivunjika ndani, utanunua taa nzima.

Mwenye nduthi afanye vivyo hivyo, ila mwenyewe akae juu yake, magurudumu yote yakiwa chini, isiwe imesimama kwa stendi. Na kama kazi yako ni kubeba abiria kila usiku, pima ukiwa na mtu amekaa nyuma. Taa ya nduthi nyingi imeshikwa kwa bolti za pembeni au ya chini. Legeza, inamisha, kaza. Dakika tano.

Zilikuwa sawa, ziliharibikia wapi?

Gari lako likitoka Japani, kuna uwezekano mkubwa taa zilikuwa zimenyooka. Kule gari la kawaida hupelekwa ukaguzi wa lazima kila baada ya miaka miwili, na mwelekeo wa taa ni mojawapo ya vitu vinavyopimwa. Basi zilipotea hapa nyumbani.

Zilipotea wapi? Kwenye lile shimo uliloingia ukashika kichwa. Kwenye bampa iliyogongwa Gikomba, ikanyooshwa jua kali na taa ikarudishwa kwa kukadiria macho. Kwenye springi za nyuma zilizochoka. Kwenye springi zilizoinuliwa makusudi ili gari lipite kwenye matope, bila mtu kukumbuka kwamba taa nazo zimepanda. Na mara nyingi, zilipotea siku ulipobadilisha balbu.

Hapa tuongee ukweli. Balbu za LED za bei poa, zile zinazouzwa zikiandikwa kwamba zinaingia kwenye taa yoyote, ndizo zinazoleta kilio kikubwa. Sahani ya ndani ya taa ilipigiwa hesabu kwa uzi mwembamba ulioko mahali fulani hasa. LED ikiwa nene kuliko uzi huo, au ikikaa milimita chache mbele au nyuma, mwanga unatawanyika ovyo. Wewe ndani ya gari unaona weupe mwingi karibu na boneti, unafurahi. Lakini weupe wa karibu hukaza mboni, na kule mbali unaona vibaya kuliko mwanzo. Anayekuja ndiye anapokea yote yaliyopotea.

Kipimo ni kile kile cha ukutani. Ukiona mstari safi, balbu yako iko sawa. Ukiona ukungu wa mwanga usio na mpaka, rudisha halojeni ya kawaida. Wakati wa kuiweka, usishike kioo chake kwa vidole, kwa kuwa mafuta ya ngozi hufanya sehemu hiyo ichemke zaidi na balbu kuungua mapema. Hakikisha pia masikio matatu ya balbu yameingia kwenye nafasi zake. Balbu iliyoingia kombo hupindua mpaka wote. Na usidanganywe kuweka balbu ya wati 100: nyaya na soketi za gari halikutengenezewa moto huo, na zinaweza kuyeyuka.

Kabla hata ya kulaumu balbu, tazama kioo cha taa. Kimegeuka manjano kama chai ya maziwa? Jua hufanya hivyo kwa plastiki. Kioo cha namna hiyo hukupunguzia mwanga mbele na kutawanya uliobaki kwenye macho ya watu. Msasa wa maji namba 800, kisha 1000, kisha 2000, halafu polishi, hurudisha uangavu kwa muda mzuri. Kioo cha mbele nacho kisugue ndani na nje. Ule utando wa vumbi na jasho usiouona mchana, usiku ukipigwa taa hugeuka pazia.

Na gari la jicho moja? Tafadhali. Taa moja ikifa, anayekuja anadhani ni nduthi. Anakadiria nafasi ya nduthi, kumbe ni lori. Barabara ya Kitale hadi Webuye ina malori ya kutosha usiku kucha. Beba balbu ya akiba kwenye gari, haili nafasi.

Hesabu ya kasi ambayo hatuifanyi

Tuseme sasa taa zako ni safi na dimu iko sawa. Bado kuna jambo.

Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, kila sekunde unaruka mita 22. Kabla mguu wako haujagusa breki, sekunde moja na nusu hivi imepita, yaani mita 33. Breki zenyewe kwenye lami kavu zitahitaji mita nyingine 35. Jumla karibu mita 70. Kumbuka dimu nzuri inagusa barabara wapi: mita 70. Na mtu mwenye nguo nyeusi humwoni mpaka awe karibu zaidi ya hapo.

Maana yake ni kwamba ukienda 80 kwa dimu, unaendesha mbele ya macho yako. Kwa kilomita 60, jumla ya kusimama ni kama mita 45. Kwa 50, ni kama mita 35. Kwenye njia ya Ndalu, hasa panapokuwa na murram na vumbi, breki hushika vibaya zaidi na hesabu hiyo huongezeka. Basi sheria ni rahisi: ukishusha taa, shusha na kasi.

Ongeza na hili. Macho yakipigwa na mwanga mkali huchukua sekunde kadhaa kurudi, na kwa wazee wetu huchukua muda mrefu zaidi. Sekunde tatu kwa kasi ya 80 ni mita 66, zaidi ya nusu ya uwanja wa kandanda, ukiwa kipofu.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, zinaonyesha kila mwaka tunapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani, na kundi linaloongoza ni watembea kwa miguu. Si madereva. Ni wale wasio na taa hata moja.

Mnamo Disemba 31, 2017, kabla ya alfajiri, basi lililotoka Busia liligongana na lori Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakafa. Baada ya hapo safari za usiku za mabasi ya masafa marefu zilisimamishwa kwa muda. Lakini gari lako la binafsi halikuzuiwa, wala nduthi yako. Magari ya abiria na ya biashara hupelekwa kukaguliwa kila mwaka. La kwako likitoka barabarani usiku, mkaguzi ni wewe. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka gari lolote barabarani liwe katika hali nzuri, taa zikiwemo. Ila askari hawezi kusimama kila kona ya Tongaren na futi mkononi.

Ukipigwa mwanga, fanya nini?

Usimtazame anayekuja. Peleka macho kwenye ukingo wa kushoto wa barabara, ufuate mstari mweupe au mwisho wa lami. Punguza kasi taratibu, usikanyage breki ghafla, maana nyuma yako pia kuna mtu. Mmulike mara moja tu kumkumbusha. Asiposhusha, basi. Usirudishe fuli. Vipofu wawili wakikutana kwenye lami nyembamba, hakuna mshindi.

Wewe mwenyewe shusha mapema. Magari mawili yakija kila moja kwa 80, nafasi ya mita 200 kati yenu inaisha kwa chini ya sekunde tano. Ukisubiri uanze kumwona vizuri, umechelewa. Shusha pia ukimfuata mtu, kwani fuli yako inamfikia kupitia vioo vyake vya pembeni. Shusha ukiona mtu wa miguu au wa baiskeli anakuja. Naye ana macho, na akipofuka anaweza kuingia mtaroni, au akaingia njia yako.

Asubuhi za baridi upande wa Kitale huja na ukungu, na kiangazi njia za murram huja na vumbi. Kote huko tumia dimu. Fuli ndani ya ukungu au vumbi hukurudishia ukuta mweupe usoni.

Kama ni abiria wa mathree au Probox, una mdomo. Ukiona kila anayekuja anawamulika, mwambie dereva kwa adabu: "Dere, naona wote wanalalamika, si uangalie taa zako?" Huenda atakujibu kwamba ziko dimu. Mwambie habari ya mzigo na kile kigurudumu.

Na ukitembea usiku, jifanye uonekane. Kipande cha reflekta kwenye begi, kwenye baiskeli au kwenye koti humfanya dereva akuone mbali kabla ya mwili wako kuonekana. Mnunulie pia mzazi ule ukanda au koti, siku ukienda ushago, badala ya mkate peke yake. Trela ya trekta ya baba ikiwa haina taa ya nyuma, bandika reflekta nyekundu. Hilo nalo ni zawadi.

Kabla ya safari ijayo

Rudi kwenye ile safari yetu ya saa moja na nusu. Magunia ni yale yale, watu ni wale wale, na mtoto amelala. Tofauti ni kwamba jana jioni ulisimama mbele ya ukuta na chaki, ukazungusha skrubu robo mara tatu. Na leo ulipomaliza kupakia Kitale, ulishusha kile kigurudumu kidogo hadi 2.

Taa mbili zinakuja. Unaweka dimu na kupunguza mguu. Anayekuja naye anashusha, kwa sababu hujampa sababu ya kukasirika. Kwenye mwanga wako, upande wa kushoto ule unaopanda kidogo, unaona gurudumu la baiskeli, kisha koti jeusi, kisha mtu. Unampa nafasi, unapita.

Yeye hatajua kama ulipima taa. Atafika kwake, atagonga mlango, ataulizwa mbona amechelewa. Kwa hivyo leo jioni, kabla hujafungua simu tena, tafuta ukuta.